Mate ya Mzee Loro Usoni Mwangu

Nyuma ya Soko la Koboko,
Koboko, kwa njia ya Arua.
Jumamosi, 13 Novemba 1993

Mpendwa mwanangu Kamisi,

Assalaam aleikum. Nakusalimu wewe kwanza, kisha Jane, kisha huyo mjukuu wangu ambaye nasikia anakataa maziwa kama marehemu babu yake alivyoyakataa. Vipi hali yako? Vipi usingizi, vipi miguu, vipi tumbo? Baridi imeshaanza? Dada yako Kiden alitudanganya kwamba mtu wa London akivua glavu vidole vinabaki ndani, na mimi nikamwamini kwa siku nzima.

Mdomo sikuulizi. Mdomo wako nitaufikia.

Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Goti langu la kushoto bado linalalamika mvua ikikaribia, lakini linanipeleka sokoni na kunirudisha, basi nalisamehe. Hoteli yangu ya chai bado ipo palepale, na nimeongeza benchi moja.

Kabla sijaenda mbali nikuambie jambo. Naandika barua hii nimekaa kibarazani tangu adhuhuri, na usoni mwangu kuna kitu ambacho sina ruhusa ya kukifuta mpaka jua lizame. Nzi wamekwisha kupata habari zake. Nitakueleza ni nini, ila usirukie kurasa za mwisho. Nina hasira na wewe, na nataka uifuate pole pole kama nilivyoifuata mimi.

Mvua ya pili imekuja vizuri. Muhogo umekomaa na watu wameshaanza kuuanika barabarani, magari yanapita juu yake, mbuzi wanapita juu yake, halafu wanasaga na kuniuzia unga. Siku hizi nanunua mbichi na kuanika mwenyewe juu ya paa. Majirani wanasema Madina anajivuna. Waseme.

Barabara ya Arua ni ileile. Msikiti umepata mabati mapya upande mmoja, upande wa wanawake bado tunanyeshewa.

Wewe unanijua, Kamisi. Ulipokuwa mdogo ulinicheka kwa kuosha kikombe kabla ya kunywa na baada ya kunywa. Kule Sudan, tulipokimbilia mwaka wa sabini na tisa, watu walikuwa wanatafuta kuni za kupikia na mimi natafuta kuni za kuchemshia vijiko. Sikubadilika. Mpaka leo kila kitu kinachotoka mdomoni mwa mtu kinanitia kinyaa. Ondoga, fundi wetu wa cherehani, hulowesha uzi kwa ulimi kabla ya kuupitisha kwenye sindano, na mimi nikichukua gauni kwake nalifua kabla ya kulivaa. Sitaki hata kukumbuka yule karani wa posta Arua anayelamba stempu za kila mteja. Ulimi wa yule mtu umefika nchi nyingi kuliko miguu yake. Ndiyo maana bahasha zangu nazibandika kwa uji wa muhogo, na hii pia nitaibandika hivyo, usiogope.

Sasa nifike kwa Fadhul.

Huyo mwenzako wa London alipokuja kumzika mama yake, Mungu amrehemu, alipita hotelini kwangu Ijumaa ya wiki jana. Akanipa sabuni alizotuma Jane. Nimezipenda, mwambie. Akaagiza chai, akawa anakizungusha kikombe bila kunywa. Nikajua kuna neno. Nikamwambia aseme, chai yangu si dawa ya kuangaliwa.

Akasema tangu mwezi wa saba umekataa kuwapa madaktari mate yako. Kwamba siku ya kliniki ikifika unasema mdomo umekauka, utakuja wiki nyingine, na wiki nyingine unasema hivyohivyo. Kwamba mdomo umekauka kweli, mkate huumezi mpaka uuchovye chai, pilipili huigusi, na ukizungumza na watu unaweka kitambaa mbele ya midomo. Kwamba siku moja ulipiga miayo na Jane akaona michirizi myeupe ndani ya shavu lako, ukamwambia ni maziwa. Mtu mzima! Maziwa gani yanayochora mistari ndani ya shavu? Na kwamba Jane anakuomba umfungulie daktari mdomo tu, hata mate usimpe, na wewe unageukia ukutani.

Nikamuuliza Fadhul, kwa nini? Akasema, kwa sababu ya kaseti ya Mzee Loro.

Mimi sikujua kuna kaseti. Kaka yangu mwenyewe, tumbo moja, anarekodi kaseti na kuituma Ulaya kwa mkono wa mfanyabiashara, na mimi nipo hapahapa ninamuuzia chai! Damu ilinichemka mpaka nikafunga hoteli kabla ya wakati.

Hapo nikakumbuka siku Kiden aliporudi kutoka kwako London, mwezi wa tano. Tulimpokea kwa Mzee Loro, ukoo mzima, nyama ya mbuzi, kila mtu anataka kusikia. Maskini Kiden akaeleza yote. Jinsi madaktari walivyoimaliza kwanza damu yako mbovu kwa dawa, jinsi walivyomchoma yeye mfupa wa nyonga na kutoa uboho, zile mbegu za damu, wakakupandia wewe. Watu wakamshangilia. Kisha akaeleza habari ya vichupa. Kwamba mgonjwa anakaa, anainamisha kichwa, anaacha mdomo wazi. Hatemi. Anangoja mate yachuruzike yenyewe mpaka kichupa kipate kitu. Halafu wanakifunga, wanaandika jina, wanakitia kwenye friji.

Nilikuwa na kipande cha nyama mkononi. Nilimpa paka. Nikauliza kama ni friji ileile ya maziwa, watu wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Mzee Loro peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Kiden bila kupepesa. Mimi nikadhani naye kaona kinyaa, nikafurahi moyoni kwamba baada ya miaka yote hii kaka yangu na mimi tumefanana kwa kitu kimoja.

Kumbe mwenzangu anawaza mengine kabisa. Unakumbuka Kiden alipofika hospitali, kabla hawajaanza dawa, alikuwekea viganja kichwani? Ile ilikuwa baraka ya Mzee Loro. Alikuwa amemtemea Kiden viganjani hapa Koboko, mbele yetu, akamwambia mpelekee ndugu yako. Mimi niligeuza uso. Kiden alinawa njiani, tena kwa sabuni za kila uwanja wa ndege, lakini kwa Mzee Loro baraka ikishatemwa haioshwi. Imeingia. Basi aliposikia kwamba wazungu wanakukalisha kila wiki na kukukamua mate, akaona jambo moja tu: wanaitoa baraka yake. Wanaichuruzisha kidogo kidogo na kuifungia kwenye friji. Ndiyo akarekodi kaseti ya kukukataza.

Najua kwa nini ulitii. Baba yako alipotutoka kule Sudan, Mzee Loro ndiye aliyekubeba, ndiye aliyekutafutia shule kambini, na hakuna aliyekuona ukimjibu hata siku moja. Tabia hiyo ni nzuri, na nilikusifia nayo mbele ya watu.

Lakini sasa nakuambia wazi, Kamisi, nimechukizwa na wewe. Umesoma. Umeona kwa macho yako watu wanaolala kwenye wodi ile. Umefanya mdomo wako kuwa chumba kilichofungwa ambacho ndani kuna kitu kinaoza, na unasimama mlangoni na kitambaa. Mimi kuchukizwa na mate ni ugonjwa wangu wa zamani, lakini kuchukizwa na mtoto niliyemlea sijazoea, na kunaniuma.

Jumatatu nilikwenda Kuluva. Huko hospitalini yupo nesi Ayikoru, mtu wa Arua, tuliyekaa naye kambi moja Sudan. Alinawa mikono kabla ya kunisalimu na baada ya kunisalimu, kwa hiyo nilichosikia kwake nilikiamini. Akaniambia mapema kwamba matibabu yako yeye ameyasoma tu, hajayaona, wao pale wakipata damu ya kumwongezea mtoto mwenye malaria wanashukuru. Ila kitu kimoja alinieleza mpaka nikaelewa.

Akasema damu mpya ya Kiden iko ndani yako kama askari wapya waliopangiwa kwenye kambi wasiyoijua. Kazi yao ni kupiga adui. Lakini wakati mwingine wanamtazama mwenye nyumba na kumwona ndiye mgeni, wakaanza kumpiga yeye. Na wanapenda kuanzia ngozini, tumboni, na mdomoni. Mdomo unakauka, michirizi myeupe inatokea, kisha ngozi ya ndani inachubuka, mtu hawezi kula, na kila kidonda ni mlango wa vijidudu. Akasema kabla ya vidonda kuonekana, mate yanakuwa yameshabadilika. Yanapungua, na ndani yake kuna vitu vinavyopanda na vingine vinavyoshuka. Ndivyo madaktari wenu wanavyojaribu kujifunza kuvisoma, ili siku moja waone hatari mapema na kuanza dawa kabla mgonjwa hajalia. Akasisitiza kwamba bado wanatafuta, hawajamaliza. Lakini mdomo ambao tayari una michirizi, akasema, huo haungoji utafiti, huo uonyeshwe kwa daktari leo, dawa zipo.

Nikamuuliza, asipoonyesha? Ayikoru akainama akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Nilirudi na maneno hayo, na kosa langu ni kwamba nilimweleza Kiden yote bila kuyachuja. Tangu Jumatatu mtoto huyo hali. Anakaa jikoni kwangu anamenya muhogo, machozi yanaingia kwenye beseni. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, damu yangu iko namukula ndugu yangu?" Nilimjibu hapana, damu yako imechanganyikiwa tu, inahitaji kuelekezwa. Sijui kama nimesema ukweli. Wewe ndiye unayeweza kumjibu vizuri, kwa kula chakula na kumwandikia kwamba umekula.

Jumatano nikapanda kwa Mzee Loro.

Nisikufiche, nyumba ile siipendi kuingia. Hali yake unaijua, hajawahi kushika dini moja mwaka mzima, na tumbaku ndiyo anayoishika kwa uaminifu. Sasa ameanza kuichanganya na majivu. Ana kopo la maziwa ya unga karibu na mguu wake, anatemea humo, na kopo lina ukingo mweusi uliokauka ambao nikiufikiria sasa hivi nataka kuiweka kalamu chini. Kuku ananywea humo. Nimeona kwa macho yangu. Tangu siku hiyo mayai ya kaka yangu nayakataa.

Nikasalimia, nikakaa mbali kidogo upande ambao upepo unatoka. Nikamwambia nimesikia habari ya kaseti.

Akasema, "Ndiyo. Mimi natuma. Mate yangu iko ndani ya huyu kijana. Muzungu nachukua kwa nini? Yeye hana baba yake?"

Nikamweleza ya Ayikoru. Askari, kambi, michirizi. Akanisikiliza, akatema kwenye kopo, akasema hayo ni maneno ya hospitali na hospitali ina maneno mengi. Nikalia. Akasema kulia pia ni kwingi. Nilikuwa karibu kusimama na kuondoka, Kamisi, na kama ningeondoka ungebaki na mdomo wako umefungwa mpaka kaburini.

Kisha nikakumbuka jinsi yeye mwenyewe anavyofanya. Anapotaka kumbariki mtu, si anatema kwanza chini? Na wale wazee wengine wawili wa ukoo wanainama na kutazama, kama kuna damu, kama kuna kitu cheusi cha hasira, na wakiona mate ni safi ndipo wanasema endelea. Nimeliona jambo hilo tangu utoto na kila mara nimegeuza uso. Nikamwambia, "Kaka, wewe ukitema pale chini, wazee wanayachukua mate yako?"

"Hapana. Wao naangalia tu."

"Basi na hao wa London wanaangalia. Ni mbali, macho yao hayaoni kama yenu, kwa hiyo wanatia kwenye kichupa. Wanaangalia kama ndani ya mtoto kuna hasira. Na ipo, Kaka. Damu ya Kiden ina hasira ndani ya mdomo wa Kamisi, na wewe umewazuia wazee wa huko wasiinamie kuitazama."

Akaacha hata kutafuna. Nilisikia kuku anakunywa kwenye kopo na sikugeuza uso.

Mwisho akasema, "Kiden hakusema hivi. Yeye nasema chupa, friji, chupa, friji. Mimi najua namna gani?"

Nikamwambia hakuna anayekulaumu, rekodi kaseti nyingine umruhusu. Akanitazama kama mtu aliyeuliziwa bei ya mama yake. Neno la mzee, kwake, halifutwi kwa neno jingine. Linafutwa kwa mate. Lazima aliyefungwa atemewe, na kama yuko mbali, atemewe mtu wa damu ya baba yake asimame mahali pake. Kiden hafai, akasema, maana damu yake ndiyo yenye kesi. Akanyoosha kidole.

Kwangu.

Sikulala vizuri usiku wa Jumatano wala Alhamisi. Nilimtuma mtu akamwombe angalau asukutue mdomo kwanza, maji nitaleta mwenyewe, ya kuchemsha. Akarudisha jibu: "Mimi naosha mudomo, baraka naenda na maji." Baraka iliyovuka sabuni zote za viwanja vya ndege haiwezi kuvuka kikombe kimoja cha kusukutua! Nikamwomba atoe tumbaku. Akasema tumbaku alikuwa nayo siku alipombariki marehemu baba yako kwenda jeshini, na baba yako alirudi vitani mzima mara zote.

Basi leo, kabla ya adhuhuri, nilitawadha, nikaswali mapema mara tu baada ya adhana, nikapanda kwa kaka yangu. Ukoo ulikuwapo, na watoto wa jirani wamejipanga ukutani kuja kumwona Madina wa kuchemsha vijiko. Nilikaa kwenye mkeka. Kiden alinishika bega, sijui alikuwa ananishikilia mimi au anajishikilia yeye. Mzee Loro akatema kwanza chini, wazee wakainama wakatazama, wakasema ni safi. Safi! Yalikuwa ya rangi ya chai yangu ya jioni.

Akalitaja jina lako mara moja, kwa nguvu. Akasema, "Mimi nilikufunga. Sasa nafungua. Fungua mudomo, mutoto yangu, wao wangalie." Halafu akanitemea.

Kamisi, nilitaka kutapika. Nakueleza kama yalivyokuwa kwa sababu nataka ujue bei. Yalikuwa ya moto. Yalitua kwenye paji la uso, yakateremka kwenye nyusi, tone moja likaingia kwenye kona ya jicho na kuniunguza, na kipande cha jani la tumbaku kikakaa juu ya pua yangu. Harufu yake ni ya jivu lililokojolewa. Nilifumba midomo kwa nguvu mpaka meno yakaniuma. Mikono yangu ilikuwa inataka kupanda usoni yenyewe, nikaikalia. Mwili mzima ulinisisimka mpaka kwenye nyayo. Nilijisemea, huyu ni mtoto wa kaka yangu, huyu ni mtoto wa kaka yangu, na sikuongeza neno.

Nilipofumbua macho niliona Mzee Loro analia. Sijapata kumwona akilia, hata kule Sudan tulipomfukia baba yako. Alisema, akiwa amegeukia ukuta, "Mwambie mimi sikujua." Nimekuambia.

Sharti ni kwamba nisiguse maji mpaka jua lizame. Ndiyo maana nimekaa hapa. Yamekauka sasa, ngozi inanivuta nikikunja uso, na nikitaka kucheka yanapasuka. Alasiri niliswali kwa udhu uleule wa adhuhuri, nimeulinda kama mtu anayebeba mtungi uliojaa. Sheikh wetu akisikia habari hii atanuna, nami nitamjibu kwamba Mungu anajua nimefanya kwa ajili ya nani. Wateja wamepita wakaniona, mmoja akaniuliza kama nimepikia kwenye moshi mwingi. Nikamwambia chai leo hakuna.

Ayikoru aliniambia mtu wa hali yako hatakiwi kukaribiana hata na mwenye mafua. Kwa hiyo usidai tena baraka ya mate ikufikie mwilini, na mtu yeyote wa kwetu akija huko na viganja vyake, Jane amwonyeshe bomba la maji kwanza. Yako imeshafika. Ipo usoni mwangu. Mtu mmoja akitemewa inatosha.

Fadhul anasafiri kesho asubuhi na barua hii ataibeba yeye mwenyewe. Nimemkataza kuipeleka posta.

Sasa sikiliza ninachotaka. Siku ya kliniki, usingoje kuulizwa. Ondoa kitambaa. Wafungulie mdomo, waonyeshe michirizi, uwaambie ilianza lini, na uwaambie kwamba ukavu ni wa kweli, ila uliufanya kisingizio. Ukipewa kichupa, inama, uachie. Kama ni matone mawili tu, yawe mawili. Mimi nitakuwa nimekaa hotelini kwangu nikiona kinyaa kwa niaba yako, kazi hiyo niachie mimi, ninaiweza. Kisha mwandikie Kiden. Mwambie damu yake ni nzuri, ila ni ya mwanamke wa Kikakwa, inataka kuheshimiwa kabla ya kutulia. Atacheka. Hajacheka tangu Jumatatu.

Wasalimie Jane na mtoto. Huku wanakusalimu Kiden, Ondoga fundi, ambaye anauliza kipimo chako cha kiuno siku hizi, nami nikamwambia kimepungua, na baba yako mkubwa Mzee Loro, ambaye amekaa upande wa pili wa kibaraza hiki tangu adhuhuri akinilinda nisifute. Hatujazungumza sana. Kopo lake ameliacha nyumbani, kwa heshima yangu, na anatemea majanini.

Mwenyezi Mungu akulainishie mdomo, akupe hamu ya chakula, akulaze salama, akuamshe salama, na aikalishe damu ya ndugu yako ndani yako kama mtu aliyefika kwao.

Ni mimi shangazi yako akupendaye kuliko sabuni,

Madina

N.B. Jua limezama na naisikia adhana ya magharibi. Mzee Loro amesimama, ameniletea maji kwa mikono yake, ndani ya birika langu mwenyewe. Mimi nakwenda kunawa uso. Wewe nenda ukateme.